Sanduku la Kufuli Tatu

Mji wetu wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, una kalenda mbili. Ya kwanza inaning'inia ukutani. Ya pili iko angani, na hiyo ndiyo inayolisha watu. Ndagala hufuata mwanga. Usiku wa giza wavuvi huingia ziwani na taa zao, samaki wakapanda kutoka kilindini kuja kuuzunguka mwanga ule, na wavu unaosubiri chini yao ukainuliwa. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, ndagala hawana haja na taa ya mtu, na mitumbwi inalala mchangani. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo ghuba ya Burton, kuanzia mwalo wa mjini hadi rasi ya Ubwari inayotutazama ng'ambo, haituingizii kitu. Wavuvi hushona nyavu. Wanawake wanaoanika ndagala hupitiana majumbani wakidaiana.

Nimeanzia hapo makusudi. Wataalamu wanaotuletea semina za akiba hudhani wanakuja kwa watu wasiojua kuweka. Mtoto aliyekulia ufukwe huu anajua tangu hajavaa viatu kwamba pesa ya giza ndiyo itakayoliwa kwenye mbalamwezi. Kuvuka siku kumi hakumshindi. Kinachomshinda ni kuvuka ile miaka ishirini ya mwisho, wakati mgongo umekataa beseni na macho yamekataa tundu la sindano ya nyavu.

Kati ya mwezi na uzee kuna mwaka, na mwaka tumeupatia chombo chake. Nilialikwa kwenye kikao kimoja cha AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo vimetapakaa mitaa yote ya Baraka. Mkeka ulitandikwa chini ya mwembe. Katikati liliwekwa sanduku la bati, dogo kuliko begi la mwanafunzi, lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu wasio ndugu. Kila mmoja alifungua pindo la kitenge chake, akatoa wake. Wa nne, ambaye sanduku hulala kwake, hana ufunguo wowote. Nilimuuliza, Mama, haikuumizi kulinda mali usiyoweza kuifungua? Akacheka. “Ndiyo maana nalala usingizi.”

Watu waliitwa kwa namba. Kila aliyenunua hisa alipigiwa muhuri kwenye kijitabu chake, hisa tano zikiwa mwisho kwa kikao, ili mwenye duka asimmeze muuza mkaa. Pembeni kulikuwa na mabakuli mawili, moja la mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa, la pili la faini. Simu ya mama mmoja ikaita katikati ya hesabu. Hakuna aliyesema neno. Aliinuka mwenyewe, akadondosha faini bakulini, akarudi kukaa.

Utaratibu huu haukubuniwa benki. Ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini, ukazunguka Afrika mpaka ukafika kwetu na kukuta likelemba ipo siku nyingi. Likelemba, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita upatu, ni zamu: leo wote wanakupa wewe, kesho mnampa mwingine. AVEC inaongeza mkopo na riba, na riba hiyo inarudi kwa wanachama wenyewe. Tuseme mama ananunua hisa tatu za faranga 2,000 kila wiki, kwa wiki 48. Hizo ni faranga 288,000 zake mwenyewe, na juu yake kuna fungu lake la riba iliyolipwa na waliokopa. Desemba sanduku linafunguliwa, pesa inamwagwa mkekani, kila mtu anaondoka na chake.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoimba sifa za AVEC bila kuchukua pumzi. Sanduku linazaliwa Januari na kufa Desemba. Kufa huko ndiyo nguvu yake, kwa sababu hesabu inasafishwa kabla uongo haujaota mizizi. Lakini mtu wa miaka 45 akiweka kwa miaka ishirini mfululizo hajaweka miaka ishirini. Ameweka mwaka mmoja mara ishirini. Krismasi inachukua sehemu, kitenge kipya sehemu, mahitaji ya watoto yanakomba zilizobaki. Sidharau kitenge. Mama aliyeanika ndagala mwaka mzima juani anastahili kung'ara siku moja. Nasema tu kwamba kufikia Machi hakuna hata faranga moja ya sanduku lile inayoelekea kwenye miaka yake ya 70.

Mbona basi watu wasiiache pesa sandukuni mwaka hadi mwaka? Uliza wazee. Wahenga waliosema akiba haiozi hawakupata kuweka zaire. Fedha hiyo ilipozaliwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa watu siku chache za kuzibadilisha. Aliyezificha chini ya kitanda, kijiji chake kikiwa mbali na benki, aliamka na makaratasi. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: faranga moja ilimeza zaire bilioni 300 za mwanzo. Na haikupita hata miezi miwili, Agosti 2, vita ya pili ya Kongo ikaanza.

Hata faranga nayo haikukaa. Ilianza ikiwa karibu 1.40 kwa dola. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,800. Mwalimu aliyefungia faranga 1,000 kwenye kopo wiki ile ya kwanza alikuwa ameweka zaidi ya dola 600. Mwanawe akizifukua leo hazifiki nusu dola. Kwa historia hiyo, mtu anayekuambia “weka faranga kila mwezi hadi uzeeni” ama ni mgeni ama anafanya mzaha. Walikuwepo pia waliotaka kuikimbia fedha inayooza kwa kuipeleka penye ahadi tamu. Wakazi wengi wa Kinshasa walimwaga mali zao kwenye mchezo wa Bindo, ambao mwaka 1991 uliporomoka na kuwaacha mikono mitupu.

Tumejifunza kuweka dola. Nazo zina ugonjwa wao hapa Kongo: noti yenye mpasuko wa nusu ukucha inakataliwa sokoni, hata kama Washington bado inaitambua. Nilimwona mzee mmoja akifungua chupa aliyoifukia nyuma ya jiko. Noti zilikuwa zimenyonya unyevu, zimeshikana kama karatasi za kitabu kilichonyeshewa. Alizibandua moja moja, akiziweka juani na kijiwe juu ya kila moja, na kila moja ilitoka na alama. Mbadilishaji alizichukua kwa bei ya huruma. Benki? Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki za miji hiyo zilifunga. Hakuna aliyeambiwa salio lake limefutwa. Lilikuwepo. Mlango ndio haukuwepo.

Kwa sababu hizo, ukimuuliza mtu wa Fizi, eneo letu hili, aweke nini kwa ajili ya uzee, swali lake la kwanza halitakuwa faida ni ngapi. Atauliza: siku ya kukimbia, kitu hiki kinabebeka? Mwaka 1996, vita ya kwanza ilipozuka, watu wa ufukwe huu walivuka ziwa kwenda Kigoma kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kuwapokea. Kuna fundi mmoja ambaye habari zake nilizisikia kwa wanawe: aliacha nyumba, mbuzi na kabati, akabeba kichwa cha cherehani kifuani kama mtoto mchanga. Meza yake ya miguu ilibaki. Kambini alipachika kichwa kile juu ya ubao, akakizungusha kwa mkono, akashonea watu miaka mingi. Ng'ombe nao wanabebeka, kwa maana ya kwamba wana miguu, lakini miguu ile ile ndiyo inayowapeleka kwa mwizi.

Kitu kisichobebeka kabisa ni mchikichi, na kwa muda mrefu niliuona kuwa na kasoro hiyo. Nilibadili mawazo niliposikiliza waliorejea. Kuanzia 2005, meli za wakimbizi zilipokuwa zikitoka Kigoma kuja kushusha watu Baraka, wengi walikuta nyumba hazina paa, hazina milango, wengine hata matofali yamekwenda. Michikichi ilikuwa imesimama. Imefunikwa na magugu, imevaa makuti makavu miaka chungu nzima, lakini ina mikungu. Mtu akisafisha shina wiki hii, wiki ijayo anakata ngazi, anakamua mawese, anakula. Ugomvi haukukosekana kuhusu nani alikuwa akivuna wakati mwenyewe yuko kambini, na mwingine haujaisha hadi leo. Lakini ugomvi ni dalili kwamba mali ipo. Hakuna aliyegombania zaire.

Tunda la mchikichi huku tunaliita ngazi, neno lile lile la kupandia juu, na mti wenyewe unastahili jina hilo. Mbegu bora, ile yenye nyama nyingi na kokwa la ganda jembamba, siri yake ya urithi ilifumbuliwa nchini mwetu, kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, na kuchapishwa mwaka 1941. Mche wake huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu au wa nne, ukaendelea miaka 25 na zaidi. Panda ukiwa na miaka 40, utakula hadi 65 na chenji.

Kuna jambo ambalo wauza miche hawalisemi. Mti unazeeka pamoja nawe, na kila mwaka unarefuka. Siku unapostaafu, mkungu uko mita kumi juu ya kichwa chako na magoti yako yanalia ukipanda kitanda tu. Atapanda kijana wa jirani na atachukua fungu lake, ambalo hukua kadiri mti unavyokua. Nimeona wazee wenye shamba zuri wakitazama ngazi zikiiva, zikidondoka na kuliwa na ndege, kwa sababu mpandaji ameondoka kwenda kuchimba dhahabu Misisi. Kwa hiyo anayefikiria uzee wake asipande shamba lote kwa mara moja. Apande nusu akiwa na miaka 40, nusu nyingine kwenye 50 na kitu, ili akiwa mzee awe na miti mirefu ya kumwachia kijana na mingine anayoifikia mwenyewe akiwa chini, na panga lake la mpini mrefu.

Sasa rudi kwenye lile sanduku. Mwezi unavushwa na beseni la ndagala zilizoanikwa. Mwaka unavushwa na sanduku. Uzee unahitaji kitu cha miaka 25, na Januari ndiyo kivuko chenyewe: ama pesa inabadilika kuwa kitu cha muda mrefu kabla mahitaji ya watoto hayajainusa, ama inarudi kuwa pesa ya mwezi. Mama mmoja wa kikundi kile alinionyesha ujanja wake. Kijitabu chake kina mihuri mitatu kila wiki. Wa tatu anaupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Huo si wake, alisema, ni wa bibi kizee mmoja anayemfahamu. Desemba fungu la bibi kizee linatoka mkekani likiwa limefungwa kwenye karatasi yake na kwenda moja kwa moja kwa mwenye miche au kwa mtu wa kupalilia. Mwaka mmoja, akiwa na shida kubwa, alimkopa bibi kizee. Akamlipa, na riba.

Nyumba za kupanga nitazipitia haraka, kwa kuwa kila mtu ameshazifikiria. Mashirika ya misaada yalipojaa Baraka baada ya vita, mwenye nyumba ya chumba na ukumbi yenye choo cha ndani alilipwa kwa dola, na wengi tuliona tumepata pensheni. Mradi ukiisha mpangaji anaondoka na jenereta yake. Zaidi ya hapo, ziwa lenyewe limeanza kudai kodi: mwaka 2021 na tena 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia majumbani kandokando ya ufukwe, hapa kwetu, Uvira, Kalemie na Bujumbura. Ukijenga, jenga juu. Kiwanja kizuri chenye upepo wa ziwa ni kizuri kwa mtu ambaye hajapanga kuzeeka.

Serikali je? Msomaji asinielewe vibaya kwamba haina chochote. Aliyeajiriwa kwa mkataba, hasa kwenye mashirika hayo hayo, anatakiwa kuandikishwa CNSS, mfuko ambao hadi 2018 uliitwa INSS. Mwajiri anachangia asilimia 13 ya mshahara na mfanyakazi anakatwa asilimia 5. Kwa sheria ya Julai 2016, pensheni ni kuanzia miaka 60, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa, ukiwa na miezi 180 ya michango. Miezi 180 ni miaka 15. Vijana wetu wana mikataba ya miezi sita sita, leo ghala, kesho udereva, kesho kutwa lishe ya watoto, na kila shirika linapofunga ofisi linafunga na makabati yake. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi mahali ambapo nilikatwa kila mwezi, na nilipofuatilia baadaye sikukuta mwezi hata mmoja kwa jina langu. Tangu hapo natunza kila karatasi ya mshahara, hata ile iliyomwagikiwa chai. Namba yako ya CNSS iombe wiki ya kwanza ya kazi, usingoje ya mwisho, wakati mkuu wa ofisi anatafuta gari la kumpeleka Uvira.

Watumishi wa umma wana mfuko wao, CNSSAP, ulioundwa Desemba 2015. Lakini ingia shule yoyote ya Fizi utaona kwa macho kwa nini walimu hawana haraka nao: vichwa vyeupe mbele ya ubao. Mtu anafundisha wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza, kwa sababu akiacha chaki anaacha na mshahara, na malipo ya mwisho ya kazi yanajulikana yanavyokwenda. Kwa Kongo, kustaafu kwa mwalimu mara nyingi huamuliwa na koo na miguu.

Wengine wanategemea watoto walio mbali. Kuanzia 2015 maelfu ya watu wetu waliondoka Nyarugusu kwenda kuishi Marekani, na leo mzee wa Baraka anajua saa za huko kuliko za Kinshasa. Ni msaada mkubwa, sitaudharau. Ila hesabu ya huko nayo ni ya muda: anayetaka pensheni ya serikali ya Marekani anahitaji robo 40 za kazi, yaani miaka kumi. Kijana aliyefika na miaka 25 atazipata. Baba aliyefika na 62 anamtegemea kijana yule yule, ambaye pia ana kodi ya nyumba, gari la mkopo, na simu inayolia kutoka huku kila mbalamwezi.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana, mwenye miaka 68, nilimkuta shambani kwake upande wa milima akichimba mashimo ya miche. Nilihesabu kimoyomoyo: miaka mitatu au minne hadi izae, yeye atakuwa 72. Nikamuuliza kwa upole, Mwalimu, hii ni ya nani?

“Ya Mama,” alisema bila kuinua kichwa. “Yeye ana 54.”

Kanuni yetu ya Familia inawaweka watoto kuwa warithi wa kwanza. Mke yuko kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, ingawa ana haki ya kuitumia nyumba. Hayo ni kwa ndoa iliyoandikishwa. Isiyoandikishwa, shemeji wanafika kabla matanga hayajaanuliwa. Mwalimu amezika marafiki wengi na ameona. Kwa hiyo alikuwa amenunua kipande kile kwa jina la mkewe, na jioni ile alikuwa na karatasi ya mauziano mfukoni, yenye sahihi za mashahidi wanne na muhuri wa chifu, akisubiri kumkabidhi.

Tulirudi naye hadi nyumbani. Mama alifuta mikono kwa kitenge, akaichukua, akaisogeza karibu na taa, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kama mtu aliyezoea kuhesabu mihuri. Kisha akamrudishia.

“Mwalimu, umeruka herufi kwenye jina langu. Nenda ukaandike upya.”

Aliichukua, akavaa viatu tena.